MALI BILA DAFTARI: NENO JUU YA MAGHALA YETU

Katika kata ya Kikwe, huko tambarare chini ya Mlima Meru, kusini ya Usa River, mkulima mdogo wa mahindi huenda sokoni mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza huenda kuuza, mwezi wa Julai au Agosti, wakati kila jirani yake auza. Mara ya pili huenda kununua, mwezi wa Februari au Machi, wakati kila jirani yake anunua. Mara zote mbili huikuta bei imekaa upande wa mtu mwingine. Jambo hili si la Kikwe peke yake. Ni la Mbuguni, la Karatu, la Babati, la Kiteto, na la kila mahali katika nchi yetu ambapo mvua huleta mavuno kwa wakati mmoja, na tumbo hutaka chakula miezi yote kumi na miwili.

Watu wengi hulieleza jambo hili kwa neno moja: ulanguzi. Hatusemi kwamba walanguzi hawapo. Lakini mlanguzi hana mvua yake mwenyewe, na aghalabu hana hata shamba. Alicho nacho ni ghala, mizani, daftari, na fedha za kumwezesha kungoja. Tukitaka kujua kwa nini jasho la mkulima humnenepesha mtu mwingine, haitoshi kumtukana mwenye lori. Yatupasa kuchungulia mahali mahindi yanapolala kati ya Agosti na Machi, na kuuliza ni nani aliyeshika ufunguo.

Ndiyo maana leo twataka kunena juu ya ghala. Jambo hili laonekana dogo, nalo ni kavu. Halina shangwe ya mkutano wala ya ufunguzi wa barabara. Walakini twaamini kwamba mkulima ye yote, na mfanyakazi ye yote anayenunua unga kwa mshahara, hawezi kuyaelewa maisha yake ya mwaka mzima bila ya kulielewa.

Hesabu ya magunia ishirini

Tuchukue mfano wa hesabu, si bei ya soko la siku fulani. Mama mmoja amevuna magunia 20. Ana deni la mbegu na mbolea, ana sare za watoto, ana paa linalovuja. Auza magunia 15 kwa shilingi 50,000 kila moja, na kupata shilingi 750,000. Abakiza magunia matano. Wageni waja, wadudu waja, sherehe zaja; Februari ghala lake la nyumbani ni tupu, na mavuno mapya yako mbali. Sasa anunua magunia matano kwa shilingi 90,000 kila moja. Ametoa shilingi 450,000. Ameyarudisha nyumbani magunia matano katika yale 15 aliyouza, yaani theluthi moja tu, lakini amerudisha kwa mwenye duka sehemu tatu katika tano za fedha yote aliyopata.

Na hapo bado hatujalitaja gunia lenyewe. Sheria ya Vipimo haikubali gunia la mazao lizidi kilo 100. Lakini sote tunalijua gunia la lumbesa, lile lililovikwa kilemba juu na kushonewa kamba. Tuseme kila gunia la mama huyu lilikuwa na kilo 120. Basi hakuuza magunia 15, bali 18, na matatu kati ya hayo aliyatoa bure bila hata ya kushukuriwa.

Ajabu yake ni hii. Mama huyu huyu, ikiwa ana mibuni huko juu mlimani, hawezi kukubali kahawa yake ichukuliwe namna hiyo. Kahawa hupimwa kwa kilo katika chama cha msingi, huandikiwa stakabadhi, hupelekwa kukobolewa na kupangwa kwa madaraja, kisha hupigwa mnada Moshi. Wazee wa Kilimanjaro walianzisha chama chao kikuu cha ushirika, K.N.C.U., mwaka 1933, na ndugu zao wa Meru nao wakajifunza desturi ya mizani na risiti. Kahawa, ambayo mkulima hanywi sana, ameilinda kwa daftari. Mahindi, ambayo ndiyo uhai wa watoto wake, ameyaacha yapimwe kwa debe na kwa jicho la mnunuzi.

Lumbesa haimwumizi mkulima peke yake. Yuko ndugu yetu mbeba mizigo, ambaye hupandisha gunia hilo garini kwa mgongo wake, na ambaye aghalabu hulipwa kwa gunia, si kwa kilo. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilitoa mkataba na pendekezo juu ya mizigo ibebwayo kwa mikono, na katika pendekezo hilo mzigo wa mwanamume mzima ulitajwa usizidi kilo 55. Gunia la kilo 120 ni zaidi ya mara mbili ya kipimo hicho. Kwa hiyo mtu akisema kwamba lumbesa ni mazoea tu ya biashara, na amwulize mbeba mizigo wa miaka arobaini jinsi kiuno chake kilivyo. Mkulima na mfanyakazi wameibiwa katika gunia moja.

Yale tuliyokwisha kuyapitia

Taifa letu si geni katika habari za maghala. Hapa Arusha mtaa mzima waitwa Unga Limited, kwa jina la kampuni ya kusaga nafaka iliyokuwapo hapo. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, makampuni makubwa ya kusaga nafaka yalitaifishwa, na kutokana nayo likatoka Shirika la Usagishaji la Taifa, lile lililojulikana kwa herufi tatu: N.M.C. Kuanzia mwaka 1973 Shirika hilo lilipewa pia kazi ya kununua nafaka, na mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa, likabaki likinunua moja kwa moja vijijini, kutoka Rukwa mpaka Meru.

Nia ilikuwa njema: mkulima wa pembeni apate bei sawa na wa karibu na reli. Lakini nia njema haiezeki paa. Ukame wa katikati ya miaka ya 1970 uliikuta nchi haina akiba ya kutosha, ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka ng’ambo kwa fedha za kigeni. Miaka michache baadaye mavuno yakawa mema, mahindi yakaja mengi kuliko nafasi ya maghala yaliyokuwapo, na sehemu yake ikaharibika kwa mvua na wadudu. Kisha upungufu ukarudi tena. Wazee wa mjini hawajausahau unga wa njano, walioubandika jina la Yanga. Katika miaka michache nchi ilionja njaa, ikaonja wingi, ikaonja njaa tena. Na katikati ya hayo palikuwa na miezi ambayo chakula kilikuwapo, lakini hapakuwa na mahali pa kukilaza wala hesabu kamili ya kilichokuwapo.

Ndipo tulipojifunza kwamba kununua si kuhifadhi, na kuhifadhi si kurundika. Vyama vya ushirika vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kazi ya akiba ya nafaka ya taifa ilitengwa na kazi ya biashara ya kusaga, na mwaka 2008 ukaundwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambao una kanda yake hapa Arusha. Hata hivyo, mwaka 2014 mavuno yalipokuwa makubwa, nafasi ya maghala ya Wakala ilizidiwa tena, na mahindi mengine yakahifadhiwa nje chini ya maturubai. Mwaka 2015 ulitiwa sahihi mkopo wa dola milioni 55 kutoka Poland kwa ajili ya kujenga vihenge vya kisasa na maghala, ili kuongeza nafasi ya tani 250,000. Babati, jirani zetu, ni moja ya sehemu zilizochaguliwa. Watu wa Tengeru wanayo kumbukumbu ya pekee katika jambo hili: wakati wa Vita Kuu ya Pili wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000 walipewa hifadhi pale pale, karibu na Kikwe, na makaburi ya baadhi yao yapo mpaka leo.

Vihenge vya taifa ni jambo la kushukuru. Lakini kihenge cha taifa ni kwa ajili ya njaa ya taifa. Hakikuwekwa ili kumsaidia mama wa magunia 20 angoje bei. Kazi hiyo ni ya ghala la kijiji na la chama cha ushirika.

Adui aliyekuja na meli

Wahenga walisema, akiba haiozi. Wahenga hao walisema kweli juu ya wema na juu ya fedha. Lakini akiba ya mahindi huoza, tena upesi, isipokuwa na mlinzi.

Zamani mkulima alitundika magunzi darini juu ya moshi wa jiko, na mdudu wa siku hizo aliweza kustahimiliwa. Kisha, karibu na mwaka 1980, huko Tabora, akaonekana mdudu mpya. Asili yake ni Amerika ya Kati, na yadhaniwa aliingia nchini pamoja na nafaka iliyotoka ng’ambo. Tunamwita dumuzi, wengine walimpa jina la Scania, kwa kuwa alisafiri kama malori hayo na kubomoa bila huruma. Dumuzi hutoboa punje za mahindi na muhogo mkavu mpaka vyote vikawa unga mweupe usiofaa kitu. Mahindi yaliyomo katika magunzi ndiyo karamu yake. Kwa sababu hiyo Mabwana Shamba walianza kuwafundisha watu wapukuchue kwanza, wachanganye punje na dawa ya vumbi iliyoruhusiwa, na ndipo wahifadhi. Siku hizi imekuja pia mifuko isiyopitisha hewa, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani na gunia nje. Punje kavu zikifungwa humo barabara, mdudu hukosa hewa akafa, na dawa haihitajiki.

Lakini neno lenye uzito hapo ni lile la “kavu.” Kipimo cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya biashara ni unyevu usiozidi sehemu 13.5 katika mia. Asiye na mashine ya kupimia na asikate tamaa. Achukue chupa kavu yenye mfuniko, atie chumvi kavu kidogo na punje za mahindi, atikise, kisha aache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi na yarudi juani, tena juu ya turubai, si juu ya udongo.

Mahindi mabichi yakilazwa huota kuvu, na aina moja ya kuvu hutoa sumu isiyoonekana kwa macho wala kuondoka kwa kupikwa. Ndiyo sumukuvu. Mwaka 2004 huko Kenya, katika sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikatufikia sisi, Dodoma na Manyara: wagonjwa 68 walihesabiwa, na 20 kati yao wakafariki dunia. Hao hawakufa kwa kukosa chakula. Walikufa kwa chakula kilichokuwa ndani ya nyumba zao.

Tena sumu hiyo hufunga milango ya soko. Mwezi wa Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, ikitaja sumukuvu. Malori yakakwama Namanga. Baada ya siku chache mlango ulifunguliwa, lakini kwa masharti: wafanya biashara waandikishwe, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Tunaweza kubishana juu ya ujirani mwema na juu ya kutoa taarifa mapema. Lakini ukweli utabaki pale pale: kutoka Kikwe mpaka Namanga si safari ya siku nzima, na aliyeweza kuonyesha cheti na daftari la ghala alikuwa na la kusema pale mpakani, ilhali aliyekuwa na magunia yasiyojulikana yalikotoka hakuwa na neno.

Kazi ya mtunza ghala

Sasa tufike kwenye kiini. Mara nyingi kijiji kikisema kinataka ghala, huwa kinataka matofali na bati. Harambee hupigwa, mgeni rasmi huja, utepe hukatwa. Miaka miwili baadaye jengo ni mahali pa kuhifadhi viti vya harusi. Kosa si la matofali. Kosa ni kudhani kwamba ghala ni kuta, ilhali ghala ni utaratibu uliojengewa kuta.

Utaratibu wenyewe si siri. Gunia lisikae sakafuni, bali juu ya chaga za mbao, ili unyevu wa saruji usipande. Rundo lisiguse ukuta. Mtunza ghala aweze kulizunguka kwa miguu, kuona panya amepita wapi na bati linavuja wapi. Mahindi mapya yasilazwe juu ya mahindi ya mwaka jana, maana mdudu wa zamani ni mwenyeji mkarimu sana. Kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka. Magunia matupu yawekwe mbali, ghala lifagiwe, na takataka zichomwe, si kusukumwa pembeni.

Kila rundo liwe na kadi yake: tarehe, jina la mwenye mali, idadi ya magunia, uzito, unyevu. Kila kinachoingia na kila kinachotoka kiandikwe siku ile ile, si kesho kwa kukumbuka. Mtu aliyeshika ufunguo asiwe ndiye aliyeshika daftari. Na mwisho wa mwezi watu wa kamati waingie, wahesabu magunia kwa vidole, kisha wafungue daftari na kulinganisha. Wahenga walilisema zamani, kabla ya chuo cho chote cha biashara: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wako wanaodhani kwamba daftari ni dalili ya kutomwamini mtunza ghala. Sisi twaona kinyume. Daftari ndilo ngao yake. Hebu tufikiri: mahindi yenye unyevu wa 15 katika mia yameingia, kilo 100 kwa kila gunia. Yamekaa ghalani, yamekauka mpaka 13.5. Gunia lile lile sasa lina uzito wa kilo 98 na kidogo. Hakuna aliyeiba, maji yameruka hewani. Katika magunia 1,000 upungufu huo ni kilo 1,700, yaani magunia 17. Ikiwa unyevu haukuandikwa siku ya kupokea, kijiji kizima kitamwita mtu mwaminifu mwizi, na mwakani hapana mwaminifu atakayekubali kazi hiyo. Lakini ikiwa uliandikwa, hesabu itamtetea. Na kwa sababu iyo hiyo mwizi naye hawezi kusingizia ukavu, kwa kuwa ukavu una kipimo chake.

Twaongeza neno kwa ajili ya wafanyakazi wa maghala. Vidonge vya kufukizia wadudu hutoa hewa yenye sumu inayoua mtu kama inavyoua mdudu. Kazi hiyo ifanywe na aliyefundishwa, mlango ufungwe, tangazo libandikwe, na mtu ye yote asilale wala kukaa chumba kimoja na magunia yaliyofukizwa. Mlinzi asiyejulishwa ndiye wa kwanza kudhurika. Chama cha ushirika kinachojivunia mahindi safi huku vijana wake wakikohoa ghalani kimehifadhi punje na kupoteza watu.

Stakabadhi, na mipaka yake

Ghala likiwa na mizani na daftari la kuaminika, laweza kufanya jambo jingine kubwa: kugeuza gunia kuwa karatasi yenye thamani. Huko Marekani jambo hili lilitungiwa sheria mwaka 1916. Kwetu Bunge lilipitisha Sheria ya Stakabadhi za Ghala mwaka 2005. Mkulima hupeleka mali katika ghala lenye leseni. Hupimwa uzito na ubora. Hupewa stakabadhi yenye sehemu mbili, moja ya kuthibitisha umiliki na nyingine ya kuwekea dhamana. Kwa ile ya dhamana aweza kwenda benki akakopeshwa sehemu ya thamani ya mali yake, akalipa deni la mbolea Agosti, huku mahindi yake yakingoja bei ya baadaye. Kwa njia hii mnyonge naye hupata kile ambacho mlanguzi alikuwa nacho peke yake, yaani uwezo wa kungoja.

Lakini ni wajibu wetu kusema pia upande wa pili, maana msomaji wetu si mtoto. Kungoja si uchawi. Mwezi wa Agosti 2017 Serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zitakazoingia nchini mwake kutoka ng’ambo. Wakulima wa kaskazini mwa Tanzania, waliopanda mbaazi kwa wingi kwa ajili ya soko hilo, wakaona bei imeporomoka. Aliyekuwa na mbaazi ghalani akitumaini kupanda kwa bei, alikuta kila siku inayopita inampunguzia. Na mwaka 2018 huko Mtwara na Lindi, ambako stakabadhi za ghala zilikuwa zimekwisha kutumika katika korosho kwa zaidi ya miaka kumi, bei ya mnada haikuwaridhisha wakulima. Mwezi wa Novemba Serikali iliamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kubeba. Korosho zikapata maghala. Mnunuzi wa ng’ambo akachelewa kupatikana, na wakulima wengi wakangoja malipo muda mrefu.

Mafunzo ya mambo hayo mawili ni wazi. Ghala humpa mkulima nguvu ya kuchagua siku ya kuuza, lakini halimpi mnunuzi. Chama kinachohifadhi mali bila ya kuuliza habari za soko la Nairobi, la Dar es Salaam na la ng’ambo, kinacheza bahati nasibu kwa mali ya wenzake. Tena, stakabadhi inayochelewa kulipwa, au inayokatwa ushuru na michango ambayo mwenye mali hakuelezwa, humrudisha mkulima kwa mwenye lori, kwa kuwa mwenye lori, pamoja na ubaya wake wote, hulipa papo kwa papo. Tusiwalaumu wakulima wakikimbia karatasi isiyogeuka fedha. Tuirekebishe karatasi.

Basi tufanye nini?

Twashauri mambo machache, na yote yamo katika uwezo wa kata kama Kikwe. Kwanza, chama cha ushirika kinunue mizani na mashine ya kupima unyevu kabla ya kununua tofali la kwanza. Ghala dogo la kukodi lenye mizani ni bora kuliko jumba kubwa lenye kuaminiana tu. Pili, kila familia ihesabu chakula chake cha mwaka kabla ya kuuza gunia moja, na hicho kifungwe katika mifuko isiyopitisha hewa nyumbani. Kiendacho ghalani kiwe ni ziada. Tatu, lumbesa ikataliwe kwa pamoja. Mmoja akikataa, mnunuzi ataenda kwa jirani; kijiji kizima kikikataa, mnunuzi hana pa kwenda. Nne, mtunza ghala afundishwe na alipwe mshahara, wala asichaguliwe kwa kuwa hana kazi nyingine. Tano, hesabu ya ghala ibandikwe mlangoni kila mwezi, kwa maandishi makubwa, hata bibi kizee mwenye magunia mawili aweze kumwambia mjukuu wake amsomee.

Huenda mtu akasema kwamba wakulima wadogo hawawezi kushikamana kiasi hicho. Kwa watu wa Meru twaweza kulijibu hilo bila ya kwenda mbali. Mwaka 1951 walipoondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, walichangishana fedha, kidogo kidogo, wakampeleka Japhet Kirilo mpaka Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, akasimama na kusema kwa niaba yao. Watu ambao baba na babu zao walichanga senti zao na kumkabidhi mmoja wao kwa safari ya mbali, hawashindwi kukabidhi magunia yao kwa mwenzao aliye umbali wa kutembea kwa miguu.

Mkristo na Mwislamu wote wakijua kisa cha Yusufu kule Misri, aliyeweka akiba miaka saba ya shibe kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Kisa hicho husimuliwa sana kwa sababu ya ndoto. Sisi twadhani kwamba ndoto ilikuwa sehemu nyepesi, wengi huota. Sehemu nzito ilikuwa ile iliyofuata: kukusanya, kupima na kulinda, mwaka baada ya mwaka, wakati watu wote walikuwa wameshiba na hapana aliyeona sababu. Agosti ndiyo miaka yetu ya shibe, na Februari ndiyo ya njaa. Kati yake tuna miezi sita tu. Mahindi yatakapoanza kukauka tena katika mashamba ya Kikwe, malori yatashuka kama kawaida yake. Yafaa yakute mizani imekwisha kutundikwa, na daftari limekwisha kufunguliwa.